Bi Kiu na Njia Iliyofungwa

Nimekaa na mama mkwe wangu chini ya paa moja miaka mingi kuliko niliyokaa na mama aliyenizaa, kwa hiyo nikimsema, nina haki yangu. Hajafa. Ana miaka themanini na saba, na sasa hivi yuko darini anageuza soseji zake za nguruwe juani. Akijua nimekaa kumsimulia, atanisema mimi na ukoo wote wa akina Ho. "Mpishi," ndivyo anavyoniita, ingawa jina langu analijua vizuri sana, "Mpishi, kama huna kazi, kasugue karai."

Basi acha niseme upesi kabla hajashuka.

Jina lake Kiu, na Tangra nzima, mtaa wetu wa Wachina hapa Kolkata, wanamwita Bi Kiu. Watu husema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Kweli kabisa. India na China zikinuniana, sisi Wachina wa Kolkata ndio tunaotazamwa kwa jicho la pembeni. Mteja anakula tambi zangu, anakunywa mchuzi mpaka tone la mwisho, halafu ananiuliza mimi niko upande gani. Lakini katika nyasi zote hizo palikuwa na jani moja lililonawiri kila tembo walipopigana, nalo ni mama mkwe wangu. Mataifa haya mawili yakigombana, yeye ni mke. Yakipatana, yeye ni mke mdogo.

Mumewe, Mzee Liong, alikuja Kolkata mwaka 1948 akitokea Meixian, kusini mwa China, kwa Wahakka, kabila letu. Huko alimwacha mke na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Alisema anakwenda kutafuta, miaka miwili mitatu atarudi. Wote walisema hivyo, hata babu yangu alisema hivyohivyo, na kaburi lake liko hapa. Mzee Liong akapata kazi kwenye kiwanda cha ngozi cha mjomba wake, akawa anashinda ndani ya mashimo ya chokaa akigeuza ngozi mbichi. Huko nyumbani kukawa na mapinduzi, barua zikaadimika. Mjomba akaona kijana anakonda, akamwozesha Kiu, binti wa fundi viatu wa mtaa wa Bentinck. Binti ana miaka kumi na tisa.

Hawakumwambia kwamba kuna mwingine. Aliambiwa siku ya pili ya harusi, na shangazi mmoja wa upande wa mume ambaye alikuwa anakunywa chai yake raha mustarehe. "Usijali, mwanangu," shangazi akasema, "bi mkubwa yuko mbali."

Bi Kiu anasema chai ile aliyokuwa akiimimina ilifurika hadi sakafuni, na hakuifuta.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Mzee Liong alikuwa akidunduliza nauli ya meli. Hakumficha. Alikuwa mtu mkweli, yule mzee, mkweli wa kuudhi. Alimwambia mkewe mpya kwamba mwakani au mwaka ule mwingine atakwenda kumwona mama yake na mwanawe, na huyo mama wa mwanawe pia, kisha atarudi. Bi Kiu akaanza kulala jicho moja wazi. Mwanamume akishapanda meli, nani atamrudisha?

Halafu mwaka 1962 vikaja vita vya India na China huko milimani. Mnajua wenyewe yaliyotupata. Wengi wetu tulikusanywa tukapakiwa kwenye treni hadi kambini Rajasthan, jangwani, ambako hakuna mtu aliyewahi kutukosea wala sisi kumkosea. Mke wangu Nyuklin alizaliwa hukohuko. Waliporudi Tangra, kiwanda kilikuwa kimenyang'anywa taa, mikanda na hata misumari ya ukutani. Na njia ya kwenda China ilikuwa imefungwa kabisa. Barua hakuna, meli hakuna. Ukitaka kwenda kulala nje ya mji usiku mmoja, unapiga ripoti polisi.

Tangra nzima ililia. Bi Kiu naye alilia.

"Nililia na watu," aliniambia siku moja tukijaza soseji, mimi nashika utumbo, yeye anasukuma nyama. "Msibani huwezi kukaa macho makavu. Lakini moyoni nilisema, sasa huyu ni wangu."

"Mama, watu walifungwa kambini bila kosa," nikamwambia.

"Na mimi nilikuwa wapi, sokoni? Nimezaa juu ya mchanga, mkunga ni jirani na wembe ni wa kunyolea ndevu. Nilichokipata nimekilipia. Shika utumbo vizuri, unateleza."

Basi akawa mke. Akazaa watoto watatu. Wavulana wawili sasa wako Toronto, na Nyuklin akabaki hapa akaangukia mikononi mwangu. Nyumba ikanyooka. Lakini Bi Kiu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao sijauona kwa mwanamke mwingine yeyote wa mtaa huu, nao ni habari za mambo ya nje. Wenzake wanasikiliza tamthilia, yeye anasikiliza nani kaenda Peking. Siku waziri mkuu wetu alipokwenda huko, kule miaka ya themanini, wenzetu walipasua fataki. Yeye alikwenda kulala saa nane mchana. Tulipopata televisheni akawa anasoma mikono. Viongozi wakishikana kwa mkono mmoja, sawa. Wakishikana kwa miwili, jamani, chakula cha siku hiyo hakiliki kwa chumvi.

Mzee Liong alikufa mwaka 1998. Bi mkubwa kule Meixian alikuwa ametangulia miaka tisa kabla yake, bila kuolewa tena na bila kumwona. Mzee akiwa kitandani alimshika Nyuklin mkono, akamwambia neno moja tu: "Nirudisheni." Nyuklin akaitikia. Bi Kiu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, akasikia yote.

Kwetu mtu hazikwi mara moja tu. Anazikwa kwanza, anaachwa miaka kadhaa ardhi ifanye kazi yake, kisha anafukuliwa. Mifupa inaoshwa kwa pombe ya mchele chini ya mwavuli, maana jua halitakiwi kuigusa, na inapangwa ndani ya mtungi kama mtu aliyekaa: miguu chini, fuvu juu. Huo mtungi ndio nyumba yake hasa, na ndio unaosafiri kwenda kwenye kaburi la ukoo. Tulimfukua Mzee Liong, na aliyeosha ni Bi Kiu mwenyewe. Alikataa mtu mwingine asiguse. Mimi nilishika mwavuli, na mkono ulikufa ganzi, na nilipobadilisha mkono akanitukana.

Mtungi ukawekwa kwenye kibanda cha makaburini, umeelekezwa kwao, kusubiri safari. Na ndipo vita vya Bi Kiu vilipoanza.

Miaka ile ndege zilikuwepo. Yule mtoto wa miaka mitatu, Menhin, alikuwa mzee tayari, mwalimu mstaafu, na alishapata namba yetu. Alikuwa akipiga simu kila mwaka mpya. "Dada," anamwambia Nyuklin, "baba anakuja lini?" Simu yake ikilia, Bi Kiu anapanda darini. Hakuwahi kusema naye hata salamu.

Kitabu cha falaki anacho yeye peke yake hapa nyumbani. Nyuklin akiuliza, anavaa miwani, analamba kidole, anafunua. "Mwaka huu kaskazini mashariki pamefungwa," anasema. "Ukipeleka maiti upande huo, utaleta msiba." Mwaka unaofuata, mwezi ni mbaya. Unaofuata, siku nzuri ipo moja tu na imeangukia mwaka wa mnyama wa nyota ya Nyuklin mwenyewe, ambao ni nuksi kwake. Nyuklin ni mwerevu wa mambo mengi lakini katika falaki ni kama mimi, anaamini anachoambiwa. Mimi nilianza kutilia shaka. Mwaka gani huo, kila mwaka umefungwa? Lakini mkwe hasemi, mkwe anakula anachopewa.

Na hakuishia kwenye falaki. Kila Jumamosi alikuwa anapika sahani ya tambi na mboga, anaipeleka hekaluni kwa Mama Kali, mungu wa kike wa Wahindi, ambaye hapa Tangra amezoea chakula chetu. Wengine wanaomba watoto wafaulu. Siku moja nilisimama nyuma yake nikamsikia. Alikuwa anaomba India na China zisielewane. Alisema kwa adabu sana, taratibu, kama mtu anayeagiza nyama buchani: zisipigane, ila zisielewane.

"Mama," nikamwambia tukirudi, "wewe ni mtu wa kwanza duniani kuomba hivyo."

"Nyamaza. Kila mtu anaomba lake."

Nilicheka mpaka nyumbani. Wakati fulani majeshi yakakabiliana mlimani wiki baada ya wiki, yakisukumana vifua, na Menhin akapiga simu kusema safari ingoje kwanza. Bi Kiu alishuka darini akiimba. Akanipikia miguu ya nguruwe kwa siki nyeusi, mimi, mkwe asiyempenda. Sikuuliza sababu. Nilikula.

Halafu ukaja ule mwaka wa maradhi, mwaka 2020, na majeshi hayakusukumana tu. Vijana walikufa kule juu, pande zote mbili, gizani, kwenye baridi. Televisheni ikawa inaonyesha majeneza yakipelekwa vijijini. Mama mmoja alionyeshwa amekaa chini mbele ya mlango wake, halii, ameshika kiatu cha mwanawe. Bi Kiu alimtazama yule mama mpaka picha ikabadilika. Kisha akasimama, akazima.

Jumamosi iliyofuata alitaka nimsindikize, miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Alisimama mbele ya Mama Kali muda mrefu. "Niliomba njia ifungwe," akasema. "Sikuomba watoto wa watu." Akarudia tena. Njiani alikuwa analia waziwazi, na hakunikataza kumtazama. Tangu siku hiyo hakupeleka ombi lile tena. Nilimwambia kwamba wale wanaoamua mambo ya mipaka hata hawajui kama yeye yupo. Akasema, "Wewe unajuaje nani anasikiliza?"

Miaka mitano njia ilikaa imefungwa bila yeye kuiombea. Kisha ikaanza kulegea. Kwanza wanajeshi wakarudi nyuma kidogo mlimani. Viongozi wakakutana, wakapigwa picha. Mahujaji wa Kihindu wakaruhusiwa tena kwenda kuuzunguka mlima wao mtakatifu ulioko upande wa China. Viza zikarudi. Mwisho wakatangaza kwamba ndege ya Kolkata kwenda Guangzhou inaanza tena, moja kwa moja, na Tangra ikapasua fataki. Wateja wangu wakaanza kuulizia bei za vitambaa vya Guangzhou badala ya kuniuliza niko upande gani. Menhin alipiga simu siku hiyohiyo. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Dada," akasema, "nina miaka themanini. Safari hii usiniambie kitabu."

Nyuklin akashuka chini na uso ambao mimi ninaujua. Ukiuona uso ule, mwenzangu, toa njia.

"Mama, tunampeleka baba."

Bi Kiu akanyoosha mkono kuchukua miwani. "Ngoja nione. Nadhani mwaka huu kaskazini ma—"

"Nimeshauliza hekaluni. Kaskazini mashariki pako wazi. Na walinishangaa, Mama. Walisema palikuwa wazi karibu kila mwaka."

Nilijitia kuonja mchuzi. Bi Kiu akairudisha miwani mezani. Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. "Mchukueni," akasema. "Mchukueni mumpeleke kwa mkewe. Mkimaliza naye mje mnizoe na mimi mkanitupe Dhapa." Dhapa ni jalala la mji, liko hapo nyuma tu.

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme nini? Miaka arobaini nimeishi na mtu, kumbe nilikuwa namtunzia mwenyewe."

Nyuklin alilia usiku ule kitandani. Alikuwa amemwahidi baba yake, na baba ni baba. Lakini aliona anachofanya: anamtoa mama yake kwenye cheo chake kwa mikono yake mwenyewe. Kaburi la Bi Kiu limeshatengwa hapa, kando ya pale Mzee alipozikwa mara ya kwanza. Sasa atalala hapo kando ya shimo tupu. Nilimwambia tuache. Akaniambia nisimwambie tuache, nimwambie tufanyeje.

Karatasi zilichukua wiki kadhaa, sitaki hata kuzikumbuka. Siku ya kumtoa, fundi wa mifupa alikuja kuihamisha kutoka mtungini kwenda kwenye sanduku, maana mtungi wa udongo usingevumilia ndege. Nikashika mwavuli tena. Fundi akatoa fuvu, akatoa mbavu, akashuka, anataja kila mfupa anapouweka kwenye kitambaa chekundu. Alipofika magotini akanyamaza. Akapekua chini ya mtungi. Akapekua tena.

"Pia ya goti la kulia haipo," akasema.

Mfupa wenyewe, ule wa mbele ya goti, ni mdogo, unajaa kiganjani tu. Lakini kwetu hakuna mfupa mdogo. Maiti akizikwa pungufu, huko aendako anachechemea, na baraka ya wajukuu inachechemea naye. Na atakayepanga kaburini ni mtoto wa kwanza wa kiume. Menhin ataugusa kila mfupa kwa mkono wake. Hakuna namna asiione.

Na aliyeosha ni mmoja tu.

Nyuklin alikwenda darini moja kwa moja, mimi nyuma yake. Bi Kiu alikuwa anafunga soseji kwa uzi.

"Mama, goti la baba liko wapi?"

"Ninalo."

Hakusita hata kidogo.

"Lilete."

"Silitoi."

"Mama, atachechemea."

"Achechemee."

"Kaka Menhin ataona. Tutamwambia nini?"

"Mwambie mwizi ni mimi. Yeye kapata mtu mzima kasoro kitu kimoja. Akishindwa kuridhika, arudishe."

Nyuklin akapiga kelele, jambo ambalo hafanyi. Akamwambia mama yake kwamba ni mchoyo, kwamba amemdanganya kwa kitabu kila mwaka, kwamba baba aliomba neno moja tu maishani mwake. Bi Kiu aliendelea kufunga uzi. Mafundo yalikuwa sawasawa. Sikuwahi kumwonea huruma yule mwanamke kama saa ile, na sikuwahi kutamani kumtikisa mabega kama saa ile.

Usiku nikajaribu kusaidia, ndiyo akili yangu hiyo. Nikamwambia mke wangu, "Sikiliza. Jikoni kwangu magoti ya nguruwe ni tele. Nikichagua moja dogo, nikalichemsha vizuri, nikalipaka chai likawa la manjano—"

Hakunisemesha mpaka siku ya safari. Ilinistahili.

Tukaondoka na Mzee Liong bila goti. Maiti akisafirishwa lazima aambiwe njia, asije akapotea, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumwambia. Baba, tunatoka Tangra. Baba, tunavuka daraja. Baba, huyu anayekukagua ni afisa, usikasirike. Yule kijana wa uwanjani aliuliza kilichomo ndani, nikamwambia baba mkwe, akatazama karatasi, akatazama sanduku, akaliinamia kwa heshima kisha akagonga muhuri. Ndani ya ndege nililipakata. Nikamwambia, "Baba, sasa tunavuka mpaka," na mama wa kiti cha pili akanitazama kana kwamba nimelewa. Mzee wa watu aliivizia njia ile miaka hamsini, na ilichukua muda wa kula mlo mmoja na kusinzia kidogo. Nilijikuta nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Menhin alitupokea Meixian na mkongojo. Nyuklin alipomwona alishika mkono wangu akaubana: ni Mzee Liong yuleyule, masikio yale, kidevu kile. Menhin hakutusalimu kwanza. Alilishika sanduku, akaliegemeza paji la uso. "Umechelewa," akaliambia.

Siku ya pili asubuhi alioga, akavaa nguo safi, akakaa chini kwenye mkeka na mtungi mpya mbele yake. Alikuwa akiulizia kila mfupa kwa sauti ya chini, ni upi huu, na Nyuklin anamjibu. Alianza na vidole vya miguu. Aliposhika mifupa ya mguu wa kushoto, aliipima kwenye mguu wake mwenyewe, kimyakimya. Akaweka pia ya goti la kushoto. Akanyoosha mkono kutafuta ya kulia.

Nyuklin hakungoja aulize. "Haipo, Kaka. Anayo mama."

Menhin alibaki na mkono hewani. Halafu akautua mapajani. "Mpigie," akasema.

"Kaka, ni mzee, tafadhali—"

"Na mimi ni kijana? Mpigie."

Nyuklin akapiga, akafungua sauti tukawa tunasikia sote. Mwanetu, tuliyemwacha Tangra na bibi yake, alimpa bibi simu bila kumwambia ni nani. Mjanja yule, angemwambia, bibi angepanda darini.

"Mama mdogo," Menhin akasema. "Shikamoo. Ni Menhin."

Akajibu: "Marahaba."

"Napanga mifupa ya baba. Goti la kulia halina pia."

"Najua."

"Mama yangu alimngoja miaka arobaini na moja." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Walimwambia aolewe, akakataa. Alikuwa na kiti chake, na kikombe chake, na nguo zake kwenye kasha. Mtu mwenyewe ulikuwa naye wewe. Umekula naye, umezeeka naye. Mimi hata sauti yake siijui. Leo naletewa mifupa, na hata hiyo umeipunguza. Kwa nini, mama mdogo? Nilikukosea nini?"

Nilingoja Bi Kiu atukane. Namjua. Nilisikia kunguru wa Tangra kwenye simu, na kengele ya mwendesha riksho.

"Unajua baba yako alikuwa anatembeaje?" akauliza hatimaye.

"Nitajuaje?"

"Mguu wa kulia alikuwa anauburuta. Chokaa ile ya kiwandani, anashinda imemfika hapa, mchana kutwa. Usiku goti linavimba, halali. Nilikuwa namkanda. Mafuta ya haradali na tangawizi, kila usiku. Na mimba nimemkanda. Kambini mafuta hayakuwepo, nimemkanda kwa mate. Hata tukigombana, hatusemezani, ananyoosha mguu tu na mimi namkanda, maana goti halina kosa. Siku ile ninaosha, mifupa mingine yote niliipokea kama ya mtu yeyote. Nilipoifikia ile, mkono wangu uliijua. Sikuweza kuirudisha mtungini, mwanangu. Nilijaribu."

Menhin alivua miwani. Nyuklin alikuwa anatazama ukuta, machozi yanamdondoka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hata yeye hakuwa akijua sababu.

"Haradali," Menhin akasema.

"Na tangawizi. Iwe mbichi."

Akafuta miwani kwa shati, akaivaa. "Basi uje nayo," akasema. "Siku yako ikifika, watakuleta. Upande wa kulia kwake nimeuacha wazi. Njia siku hizi ipo."

"Nije huko niwe bi mdogo?" Hapo sasa nikamtambua mama mkwe wangu. "Hapa Tangra nimekuwa mke bila kupanga foleni. Siji kuanza udogo kaburini."

Menhin akacheka. Alicheka kwa pua, Mzee Liong mtupu, na kule upande wa pili nikasikia Bi Kiu akishtuka.

"Basi kaa nayo, Mama," akamwambia.

Akavuta mfupa wa paja la kulia, akauweka mtungini juu ya ule wa chini, pasipo kitu katikati. Nyuklin alikuwa anataka kukata simu, lakini mama yake alikuwa bado yupo.

"Menhin."

"Naam."

"Kama kulia pako wazi, mama yako yuko kushoto."

"Yuko kushoto."



"Basi mwenzangu kapata upande wa goti zima," akasema Bi Kiu. "Ni haki yake. Kasubiri sana."

Kisha akauliza kama tumeshakula.